Harufu ya Waridi Ndani ya Gamba

Pampu ya utupu ilianza kunyonya hewa kutoka ndani ya gamba, na sauti yake ilikuwa kama ya mtoto anayemalizia maji ya dafu kwa mrija. Gamba lilikuwa la madini ya titani, duara, kubwa kama fenesi lililokomaa, na lilikuwa na dirisha moja la kioo kinene. Baadaye ndani yake lingekaa Jicho-Kina, kamera iliyoweza kuona mahali ambapo mwanga wa jua haujawahi kufika tangu dunia iumbwe. Kwa sasa ndani yake hamkuwa na kamera. Mlikuwa na kipande cha karatasi nyeupe, laini, kilichokunjwa mara mbili.

Hiyo ndiyo desturi ya watu wanaopeleka kamera chini ya maji. Gamba halipewi kitu cha thamani kabla halijapewa karatasi. Karatasi ikirudi kavu, gamba ni la kuaminika. Ikirudi na doa, hata dogo kama punje ya mtama, hakuna kuzamisha kitu siku hiyo.

Injinia Zuwena alikuwa amechuchumaa mbele ya kipimo cha utupu, macho hayabanduki kwenye mshale. Kando yake alisimama Mkaguzi, roboti mwenye miguu mitatu na mikono myembamba kama ya kaa, aliyeundwa kwa kazi moja tu ya kutafuta mahali panapovuja.

"Mshale haujasogea," alisema Mkaguzi. "Gamba ni salama. Kamera iwekwe."

"Umesikia maneno ya shehe wa bati," alisema Kapteni Shaame, akijifuta shingo kwa kitambaa. "Tuweke kamera, Injinia. Mkondo umetulia. Ukianza kukimbia tena ni mpaka kesho, na kesho..."

Hakumalizia, kwa kuwa kila mtu pale jukwaani alijua mwisho wa sentensi ile.

Jukwaa lilikuwa limetia nanga katikati ya Mkondo wa Pemba. Chini yake, kwenye kizingiti cha mwamba ambako mgandamizo wa maji hukunja chuma kama karatasi ya maandazi, ililala Zumaridi, nyambizi ya abiria iliyokuwa ikifanya safari kati ya Tanga na Wete. Watu walikuwa wameipenda. Ilipita chini ya mawimbi bila kumtapisha mtu, na watoto walibandika pua zao kwenye madirisha kuwaangalia pweza. Kisha siku moja haikuibuka. Wakubwa walikaa, wakapima kina, wakatangaza kwamba haiwezekani kumtoa mtu yeyote mle, na kwamba nyambizi itaachwa iwe kaburi la wote waliokuwamo.

Kilichobaki kwa wafiwa kilikuwa ni vifungo-sauti. Kila abiria wa Zumaridi alivalishwa kifungo kidogo kwenye ukosi wa nguo. Hatari ikitokea, kifungo hujiwasha chenyewe na kuhifadhi maneno ya aliyekivaa, kisha huyarudia na kuyarudia kwa kumetameta, mwanga hafifu ambao jicho la mtu haliuoni. Jicho-Kina peke yake ndilo lingeweza kuusoma kupitia kioo cha dirisha na kuugeuza kuwa sauti tena. Lakini betri ya kifungo si ya milele. Mafundi waliovitengeneza walikuwa wamesema wazi kwamba leo, jua likishuka, vingi vitakuwa vimezimika.

Jicho la kwanza lilishuka wiki iliyopita. Gamba lake lilijaa maji kabla halijafika, na sababu haikujulikana. Hili lilikuwa la pili, na hakukuwa na la tatu.

Katika kiti cha mstari wa mwisho wa Zumaridi alikuwa amekaa Raya, mwalimu wa chekechea, mdogo wake Zuwena. Zuwena alitaka kusikia neno moja kutoka kwake, lolote. Hata kama ni kumcheka, kwa sababu Raya alikuwa na tabia ya kumcheka.

"Ngoja nilipeleke juani kwanza," alisema Zuwena.

Alilibeba gamba mpaka nje ya kibanda cha mitambo, akaliweka juu ya meza iliyotandikwa kitambaa. Wafiwa walikuwa wameketi chini ya turubai, wanawake upande huu, wanaume upande ule, ubani ukifuka katikati. Mama yake, Bi Mgeni, alikuwa mbele kabisa. Mkono wake mmoja ulikuwa umefumba kitu mapajani.

Zuwena aliinama kwenye kipimo. Mshale ulikuwa umesogea.

"Joto," alisema Mkaguzi, ambaye alikuwa amemfuata kwa miguu yake mitatu. "Hewa kidogo iliyosalia ndani ikipata jua hutanuka na kuusukuma mshale. Nimekwisha kupiga hesabu. Si mvujo."

"Wiki iliyopita pia ulisema ni joto."

"Wiki iliyopita pia kulikuwa na joto."

Kapteni Shaame alicheka kidogo puani, akajirudi. "Dada yangu, hili neno la kweli. Hapa ni pwani, sio Lushoto. Kila kitu kina joto, hata mimi."

Zuwena hakucheka. Wiki iliyopita aliyakubali maelezo yale yale, kwa sababu yalikuwa sahihi kitabuni. Safari hii aliamuru pipa la maji lijazwe barafu, akalizamisha gamba humo mpaka shingoni, akasubiri. Kama joto ndilo lililousukuma mshale, basi baridi ingeurudisha ulikotoka. Maji yalitulia. Gamba likawa baridi kama samaki wa friji. Mshale ulirudi, ukarudi, halafu ukasimama kabla ya kufika.

"Tofauti ni ndogo kuliko upana wa mshale wenyewe," alisema Mkaguzi.

"Najua."

"Kwa kanuni, tofauti hiyo inakubalika."

"Fungua."

Walirudi kibandani. Hewa ikarudishwa ndani kwa mluzi, kifuniko kikafunguliwa. Kapteni Shaame ndiye aliyeichomoa karatasi. Aliikunjua, akaigeuza huku na huku kwenye taa, akaikwaruza pembeni kwa kucha.

"Kavu! Injinia, kavu kama biskuti. Alhamdulillahi. Leta kamera, tafadhali, tusiue siku."

Zuwena aliipokea ile karatasi. Alitaka kuitupa. Badala yake, kwa uchovu tu, akajifutia jasho la juu ya mdomo, na hapo akasimama kabisa asiweze kusogea.

Karatasi ilinukia waridi.

Aliinusa tena. Hakukuwa na kitu chenye waridi kibandani mle. Gamba lilioshwa kwa maji safi. Grisi ya pete haikuwa na harufu yoyote. Utupu uliponyonya, hewa kidogo ilikuwa imepenya mahali fulani, ikabeba harufu ya pale ilipopita na kuiacha kwenye karatasi. Mkaguzi alikuwa na vipimo vya kila namna mwilini mwake. Hakuna aliyewahi kufikiri kumpa pua.

Zuwena alikiweka kando kifuniko na kuitoa pete ya mpira, ile pete nyeusi, nyembamba, inayokaa kwenye mfereji wake na kuzuia bahari nzima isiingie. Aliizungusha vidoleni. Ilikuwa inateleza kuliko kawaida, na sehemu moja ilikuwa imevimba kama ufizi wenye jino bovu. Mpira wa pete zile ulitengenezwa kuhimili maji, chumvi na baridi. Adui yake ni mafuta ya manukato. Ukiyanywa huvimba, ukivimba huinuka kutoka kwenye mfereji, na kifuniko huubana vibaya.

Jana baada ya alasiri alikuwa ameitandaza pete ile kwenye kitambaa cheupe, akaenda kuswali. Aliyekuwa amebaki pale mezani alikuwa mama yake.

Zuwena alitoka nje, akapiga magoti mbele ya Bi Mgeni.

"Mama. Nionyeshe mkono."

Bi Mgeni alimtazama, kisha akafumbua kiganja. Humo mlikuwa na kichupa kidogo cha mafuta ya waridi, kile kilichokaa kwenye kabati la nyumba yao ya Ngamiani tangu Zuwena akiwa mtoto, na kilichotolewa kwa harusi na kwa misiba.

"Uliipaka ile pete?"

"Niliipaka." Sauti ya mama haikuwa na hofu hata kidogo. "Nilimwona huyu roboti wako anaitia mafuta yake. Nikasema, kama ni mafuta, basi yawe haya. Kuna ubaya?"

"Kwa nini, mama?"

Bi Mgeni alishangaa kuulizwa. "Hicho chombo chako kinakwenda kwa Raya. Sisi hatuendi. Mwanangu sikumwosha, Zuwena. Sikumtia pamba, sikumtia kafuri, sikumpaka hata tone. Mtoto wa kike kaondoka kama alivyokuwa, na mama yake yuko hai. Nikasema, kitu kitakachomfikia, kimfikie na harufu ya kwao."

Bi Arafa wa Chumbageni, aliyekaa ubavuni pake na aliyempoteza mume, alitazama chini na kuanza kuvuta nyuzi za mkeka.

Zuwena alijua alichopaswa kufanya, na alijua bei yake. Ilibaki pete moja tu ya akiba, ingali kwenye pakiti. Kuitia kungetaka mfereji wote usafishwe, ukaushwe, pete itiwe grisi yake, karatasi mpya iwekwe, utupu unyonywe tena, baridi tena. Hayo yote yangekula wakati, na wakati ule ulikuwa ni wa mistari ya nyuma. Familia zilikuwa zimepiga kura ni wapi Jicho lianze kusoma, ili pasiwe na manung'uniko, na kura ilitoa mstari wa mbele. Bi Mgeni mwenyewe ndiye aliyeichota karatasi ya kura hiyo. Alisema, "Sawa, Raya hakuwahi kuwahi popote," na watu wakacheka huku wanalia.

Kapteni Shaame alimvuta Zuwena pembeni. "Injinia. Pete iliyovimba kidogo inaweza kuhimili. Inaweza. Tukishuka sasa hivi tunawahi mpaka mwisho."

"Na isipohimili?"

Kapteni aliutazama mkondo.

"Isipohimili tunawanyima wote, Kapteni."

"Basi weka mpya." Akashusha sauti zaidi. "Halafu mimi ndiye ninayeongoza kebo. Ukitaka tuanzie nyuma, mimi leo sioni vizuri. Uzee huu."

Ilikuwa zawadi, na aliitoa kwa moyo safi. Zuwena aliwaangalia watu waliokuwa chini ya turubai, kila mmoja akiwa ameshika nambari yake ya kura kama tiketi ya hospitali.

"Tuanzie mbele," alisema. "Ahsante, Kapteni."

Alirudi kwa mama yake na lile gamba, beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni laini na vitambaa vyeupe. Hakuwa na haja ya msaada, na kwa kanuni hakuna mtu asiye na mafunzo anayeruhusiwa kugusa mfereji wa gamba.

"Mama, njoo unisaidie kuliosha."

Wakaliosha pamoja. Zuwena alimimina, Bi Mgeni akapitisha kitambaa kwenye mfereji, taratibu, akianzia upande wa kulia, akarudia tena, na tena, midomo yake ikisogea bila sauti. Alipofika kwenye dirisha la kioo alilifuta kama mtu anayefuta uso. Wanawake chini ya turubai waliacha kuzungumza. Mkaguzi aliinua mkono wake mmoja kutaka kusema jambo, Kapteni Shaame akampiga kibao cha mgongoni.

Walipokwisha kukausha, Zuwena alichukua kile kichupa na kumrudishia mama yake. Akamwonyesha mshikio wa gamba, mkono wa chuma uliokuwa nje, mbali na pete.

"Paka hapa. Hapa hapaharibu kitu."

Bi Mgeni alipaka tone moja, akalisambaza kwa kidole gumba. Halafu kidole kikasimama.

"Hapa hapaharibu," alirudia. "Yaani pale palikuwa panaharibu?"

Zuwena alijifanya anatafuta kitambaa.

"Zuwena. Na lile la kwanza nililipaka."

"La kwanza kioo chake kilikuwa na ufa, mama. Lingevuja tu."

"Samahani, Injinia," alisema Mkaguzi kwa sauti yake ile ya upole, isiyopanda wala kushuka. "Kioo cha gamba la kwanza kilikuwa kizima. Tulikikagua mara mbili."

"Ewe bati!" alifoka Kapteni Shaame. "Hukufundishwa kunyamaza wewe?"

"Nimefundishwa kusahihisha," alisema Mkaguzi.

Na ni kweli. Waliomuunda walikuwa vijana wema, walitaka chombo kisichoweza kumdanganya mtu hata siku moja. Hawakukosea hesabu popote. Hawakuwahi kufikiria tu kwamba siku moja mtoto atasimama mbele ya mama yake, akiwa na uongo mmoja mdogo wa kumfunika nao kama shuka.

Bi Mgeni alikifunga kichupa. Alirudi kwenye mkeka wake, akaketi, wala hakuuliza lingine.

Jicho-Kina lilishuka jua likiwa limeegemea upande wa bara. Karatasi ya pili ilikuwa kavu na haikunukia chochote, na mshale ulirudi mahali pake hasa. Kwenye kioo kikubwa cha kibandani waliona giza, kisha chembe nyeupe zikielea kama unga, kisha ubavu wa Zumaridi. Gamba lilikuwa zima. Kapteni akiwa kwenye kebo, Zuwena aliliongoza hadi dirisha la kwanza.

Sauti zilianza kutoka kwenye vipaza sauti vya jukwaa, moja baada ya nyingine.

Mzee mmoja alisema kwa haraka, "Kheri, kuku mweupe si wangu, ni wa jirani, mrudishie." Mwanaye alipiga kofi pajani na kucheka mpaka akalala chini. Msichana alisoma Fatiha, akasahau katikati, akaanza upya. Mume wa Bi Arafa alisema tu, "Arafa? Arafa, nakuja," kana kwamba ameitwa kutoka jikoni. Bi Arafa alijifunika uso kwa mtandio, na kutoka humo ndani akajibu, "Abee."

Mstari kwa mstari. Nje kivuli cha mlingoti kilirefuka. Ilipofika mistari mitatu ya mwisho, mwanga wa vifungo ulikuwa dhaifu, maneno yakawa yanakatika, kisha yakawa mavumo, kisha hamna. Waliokuwa wakingojea mistari ile walikaa na nambari zao mikononi.

Zuwena alilifikisha Jicho kwenye dirisha la mwisho. Taa ilianguka juu ya ukosi wa gauni la kijani alilolijua, maana alilishona yeye, vibaya, na Raya alilivaa hivyo hivyo. Kifungo kilikuwepo. Hakikumeta. Alisubiri. Mkaguzi akasema kwamba betri imekwisha na kwamba kusubiri hakutabadilisha kitu. Alisubiri hata hivyo.

Kisha akalisogeza gamba, kidogo kidogo, mpaka mshikio wake ukagusa kioo cha dirisha. Kugusa kule kulisikika juu, mlio mmoja mdogo kama wa kijiko kwenye kikombe.

"Limemgusa?" aliuliza Bi Mgeni. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Limegusa dirisha lake, mama."

"Mshikio?"

"Mshikio."

Bi Mgeni aliitikia kwa kichwa. Aligeuka, akaenda mpaka katikati ya turubai, mbele ya watu wote, akasimama pale ambapo ubani ulikuwa umebaki majivu.

"Jamani," alisema. "Chombo cha kwanza nilikiharibu mimi. Nilikipaka mafuta ya waridi, sikujua. Kingefika wiki iliyopita, nyote mngesikia. Nyie wa nyuma, niliowanyima, naomba radhi. Sina cha kuwalipa."

Baba mmoja wa mstari wa nyuma, aliyekuwa na watoto wawili mle, aliinuka na kwenda kusimama kwenye ukingo wa jukwaa, akawapa watu mgongo. Alikaa huko muda mrefu. Hakumsamehe Bi Mgeni siku ile, na hakuna aliyemlazimisha.

Bi Arafa ndiye aliyeupokea mkono wa Bi Mgeni na kumvuta chini akae. "Bi Mgeni wewe," alisema, sauti imemkauka, "mimi nilikuja na kafuri kwenye mkoba. Nilikuwa nangoja tu wasiniangalie."

Jicho lilipandishwa. Zuwena aliliosha gamba kwa maji baridi kama inavyotakiwa, akalifungua, akaichunguza pete. Ilikuwa kavu. Mkaguzi alimuuliza aandike nini kuhusu mvujo wa gamba la kwanza. Alimwambia aandike kilichotokea, na aongeze kwamba kuanzia leo kila jukwaa liwe na beseni, na mtu wa kuwaeleza wafiwa pa kupaka.

Mama yake alikuja akaketi karibu, kwenye sanduku la vifaa. Chuma cha mshikio bado kilikuwa na harufu kwa mbali, bahari haikuiondoa yote.

Bi Mgeni alikitia kichupa kwenye kiganja cha Zuwena, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

"Kaa nacho," alisema. "Siku yangu ikifika, unipake wewe. Wewe unajua pa kupaka."